Fundo Lako Halikulegea

Nyumba za Wafanyakazi,
Kando ya Bwawa,
Jumatano jioni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha dirishani, goti limenyooshwa juu ya stuli, na si ukipanda na kushuka ngazi za nyumba ya Dada jambo ambalo daktari amekukataza. Goti lenyewe linaendeleaje? Na Mama, je, ile miwani mipya imemfaa, au bado anaivaa juu ya paji la uso huku akilalamika kwamba haoni? Nisalimie Dada na shemeji, pamoja na mjukuu wako ambaye naambiwa sasa anatembea kwa kushika kuta na kuvunja kila kinachovunjika. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kushoto, ambao nitaueleza mahali pake. Nakuomba usiruke kurasa kuutafuta.

Utajiuliza kwa nini mtu mwenye simu mfukoni ameamua kushika kalamu. Baba, simu ya huko kwenu haina siri. Wewe huipandisha sauti hadi mwisho, Mama hujibu kabla yako, na Dada hutoa hukumu akiwa jikoni. Jambo nililo nalo nimetaka likufikie peke yako, tena kwa namna ambayo unaweza kuliweka chini, ukavuta pumzi, kisha ukalichukua tena.

Nianze na kazi. Chumba nilichopewa kiko nyuma ya nyumba ya pampu, na ukuta wake hutetemeka mchana kutwa, hata chai ikitulia kikombeni hupiga vijiwimbi. Nimeshazoea, pampu zikizimwa ndipo nashtuka. Kazi yangu ni kupima kina cha maji, kuangalia mvua zinavyokaribia, na kuwashauri wakubwa ni lini milango ya bwawa ifungwe ili maji yajae. Kama unavyofahamu, nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio, na Jumatatu ya wiki hii ndiyo ilikuwa siku yangu ya kusimama mbele ya wakubwa kutoka makao makuu, niwasilishe ripoti yangu, nao waamue kama nabaki au nafungasha.

Bosi wetu ni mtu wa haki, ila ulimi wake hauna breki. Kwa kuwa niliandika katika maombi yangu ya kazi kwamba nimelelewa kando ya bwawa hili, na kwa kuwa hajawahi kuniona hata na kidagaa, alinibatiza jina la Mvuvi wa Makaratasi. Wiki iliyopita, mbele ya ofisi nzima, alisema kwamba kulelewa kando ya bwawa si hoja, maana hata vyura wamelelewa papo hapo na hakuna aliyewapa shahada. Karani wetu alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Nami nilicheka, maana mcheshi akiwa bosi wako hucheki kwa kupenda. Lakini lilinikaa rohoni. Nikaazimia kwamba Jumapili nitaingia majini na mshipi wako, ule uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, na Jumatatu nitaingia ofisini na samaki ambaye mkia wake unaburuza.

Ungeweza kuuliza kwa nini niliamua kwenda peke yangu, ilhali wewe ndiye uliyenifundisha kwamba majini mtu haendi bila mwenzake. Baba, jibu unalo wewe mwenyewe. Siku uliponisindikiza kituoni ulishika mkanda wa begi langu, ukasema kwamba kule niendako yuko mtu tuliyechangia naye damu kwa bahati mbaya. Nisimsalimie, nisipande boti yake, nisile kwake, na nisithubutu kumwita Baba mdogo. Ukamalizia kwamba siku nitakayokanyaga kizingiti chake, chako nisikikanyage. Niliitikia. Tangu nifike nimelitii neno hilo kama lilivyo. Siku ya kwanza nilipomkuta gatini akikunjua nyavu, aliinuka haraka, akafuta mikono kwenye suruali ili anipe mkono. Mimi nikatoa simu na kujifanya nasoma. Akakaa tena. Tangu siku hiyo nikipita hainuki, hutikisa kichwa tu akiitazama ardhi.

Jambo moja hukulijua, au labda ulilijua ukalinyamazia: hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote humwita Mashine. Wanunuzi wa samaki humpigia kelele kutoka juu ya ngazi, Mashine, leo umetuletea nini? Hata watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule humwita hivyo, na yeye huitika. Wengi hawakumbuki tena asili ya jina. Sisi wa nyumba yako tunaikumbuka, kwa sababu tulilelewa nayo.

Niruhusu niirudie kama ulivyotusimulia, ili tuwe pamoja. Mliimiliki boti kwa pamoja, wewe na yeye, na mashine yake ya kuisukuma mliipata kwa jasho. Kwa kuwa uliogopa wezi kuliko ulivyoogopa maji, hukukubali boti ifungwe kwa pete ya mbele kama wenzako walivyofanya. Wewe ulipitisha kamba kwenye mkono wa mashine yenyewe, ukaifunga kwenye kisiki, tena fupi, ili mwizi asiweze kuivuta boti hadi ufukweni akaifungua kwa nafasi. Ukapiga fundo lako lile, la mizunguko miwili na ncha iliyorudi chini, ambalo ulisema hakuna kiumbe atakayelifungua asiyelijua. Usiku mmoja wa masika makubwa maji yalipanda. Asubuhi ulikuta ufuko umemezwa, kisiki hakionekani, na boti haipo. Kabla jua halijakaza, akatokea Baba mdogo akiipiga makasia kutoka upande wa pili wa ghuba. Ubao wa nyuma umevunjwa, mashine haipo, kamba haipo. Akasema ameikuta ikielea kwenye matete. Ukasema kwamba fundo lako halifunguki lenyewe, na wanaolijua duniani ni wawili tu. Ukahesabu hao wawili, ukajitoa wewe. Mwezi haukuisha ukatuhamisha.

Sasa nirudi kwenye Jumapili. Niliazima mtumbwi mdogo wa ofisi, ule wa kwenda kusomea kipimo cha maji. Sheria inakataza mtu kutoka peke yake, na mlinzi wa geti alinikumbusha; nikamjibu kwamba narudi sasa hivi, jibu ambalo alisema wote waliozama walilitoa. Bwawa limeshuka mno mwaka huu, Baba. Pale tulipokuwa tukiogelea sasa ni tope lililopasuka kama kigae, na visiki ambavyo sijawahi kuviona vimetoa vichwa vyao vyeusi. Nilipiga makasia hadi kwenye ile ghuba yetu ya zamani, kwa sababu ndiyo pekee niliyoijua, nikasimama karibu na ncha ya kisiki iliyokuwa juu ya maji kidogo tu, kama kisogo cha mtu anayeoga.

Mavuno yangu ya kwanza yalikuwa perege wa ukubwa wa kidole gumba, nikamrudisha kwao akakue. Ya pili yalikuwa mfuniko wa sufuria, ndoana imepita katika tundu lake kana kwamba imeshonewa hapo. Ya tatu yalikuwa kobe wa maji, aliyenitazama kama mkaguzi wa hesabu, akakata chambo, akaondoka bila kuaga. Muda ulikuwa unakwenda na ripoti yangu ya kesho ilikuwa mfukoni. Hapo nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka najiona mwenyewe kwa mbali kama namtazama mpumbavu wa watu wengine. Nilitoa karatasi nikazitandaza magotini ili nijisomee, na ili mikono iwe huru nikauzungusha mshipi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nikaufunga.

Uliniambia, Baba, tangu nikiwa wa kukaa katikati ya magoti yako: mshipi hushikwa, haufungwi, mkono uliofungwa si mkono tena, ni chambo.

Nilikuwa nimefika penye jedwali la mvua wakati mkono uliponitoka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Mkono ulikwenda kabla yangu. Niliinuka kuufuata, mtumbwi ukalala ubavu, nami nikaingia majini pamoja na ripoti. Maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni tu, na kwa punje ya wakati nilifurahi. Kisha nilipotaka kusimama nikagundua kwamba chini hakuna pa kusimamia. Lilikuwa tope, lile tope laini la bwawa linaloshuka, ambalo ulitukataza hata kulitania. Lilinipokea miguu hadi magotini, na maji yakanifika kifuani. Nilipovuta mguu wa kulia, wa kushoto ukazama zaidi. Nilipovuta wa kushoto, ikawa zamu ya wa kulia. Mtumbwi, ambao niliupiga teke nikianguka, ulikuwa umeshasogea mbali, na kisu kimo ndani yake.

Huku yule samaki hakuwa na habari na shida zangu. Alikizunguka kisiki, mshipi ukajifunga hapo, na kila alipovuta, uzi ulikata nyama ya mkono wangu na kuuburuta chini. Bega likafuata mkono. Maji yakafika shingoni. Nikapapasa kwa mkono wa kulia nikitafuta chochote, mzizi, jiwe, na vidole vikakutana na chuma. Kilikuwa kitu kizito kilicholala ndani ya tope, chenye mahali pa kushika. Nikakishika. Hakikuzama wala hakikusogea. Nikajishikilia hapo kama mtoto anavyoshikilia kanga ya mama yake, na kwa mara ya kwanza nikaacha kwenda chini.

Ndipo nilipomwona. Alikuwa ng'ambo ya ghuba, ndani ya ile boti yenu aliyobaki nayo, anakagua mitego yake, mgongo umenielekea. Hapakuwa na mtu mwingine kokote. Nami, Baba, sikumwita. Nilitazama mgongo wake nikakumbuka kituo cha basi na mkono wako kwenye mkanda wa begi langu. Nikajiambia kwamba nitajitoa mwenyewe. Nikavuta tena mguu, na tope likanijibu kwa kunichukua hadi mapajani. Upepo ukaleta vijiwimbi, kimoja kikanipita mdomoni, kikanirudia puani. Mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi juu ya kile chuma. Hata hivyo nilinyamaza. Hiyo ndiyo heshima niliyokupa, na ilibaki kidogo inizike.

Wimbi lililofuata lilinifunika macho. Nilipotoka chini yake nilikuwa tayari napiga kelele, na kelele niliyopiga ilikuwa Baba mdogo. Si Mashine, wala si jamani nisaidieni. Baba mdogo, Baba mdogo, hadi sauti ikakauka. Aligeuka kwa jina hilo kama mtu aliyeguswa na moto. Sijapata kuona makasia yakipigwa namna ile na mtu wa umri wake.

Hakuniuliza kitu. Alilaza ubao juu ya maji kati yangu na boti, akaniamuru niache kupigana, nilale chali kabisa. Nilipokuwa bado natapatapa akanigombeza kwamba nilale, msomi, nilale kama niko kwenye godoro la hoteli, maana tope ni kama mdeni jeuri, ukilivuta kwa nguvu ndipo linapokatalia. Nililala. Miguu ikaanza kuja, mmoja, kisha mwingine, bila viatu. Nilipofika ubaoni alitaka kukata mshipi, kisha akausikiliza kwa kidole, akatabasamu, akauvuta badala ya kuukata. Akatoka kambale mrefu kama mkono wangu wote, mwenye ndevu za mzee wa baraza. Akasema kwamba jeuri huyu ameshafanya kazi ya siku nzima, haifai aende bila malipo.

Kisha akauliza nilikuwa nimeshika nini kule chini. Nikamwambia sijui, ni chuma. Akaingiza mkono hadi begani, akapapasa, na uso wake ukabadilika. Alipapasa kwa muda mrefu. Halafu akafuata kitu kingine kwa vidole, taratibu, kutoka kwenye chuma hadi kwenye kisiki, akakifuta tope juu ya maji ili nami nione.

Ilikuwa kamba, Baba. Mwisho wake mmoja umekizunguka kisiki kwa mizunguko miwili, na ncha imerudi chini. Mwisho wa pili umepita kwenye mkono wa mashine. Nayo mashine, alipoinyanyua kwa kamba hadi ukingo wake ukatokeza, bado imekibana kipande cha ubao wa nyuma wa boti, ule mliokuwa mmeuandika jina la Mama kwa rangi ya buluu. Herufi mbili za mwisho bado zinasomeka. Baba mdogo alizifuta kwa kidole gumba, akazitazama, akateka maji kwa kiganja akanawa uso, kisha akanawa tena.

Nimesomea maji, nawe ulijinyima ili niyasomee, kwa hiyo niruhusu nikuambie kilichotokea. Hapakuwa na mwizi. Usiku ule maji yalipopanda, yaliinyanyua boti, lakini kamba ilikuwa fupi na iliishika boti kwa nyuma. Maji yakaendelea kuisukuma juu, kisiki kikaendelea kuivuta chini, hadi ubao ukang'oka pamoja na mashine yake. Boti ikaenda na upepo kwenye matete, ambako mdogo wako aliikuta, kama alivyosema. Ulisema fundo lako halifunguki lenyewe, na ulisema kweli. Fundo lako halikulegea. Limeishikilia mashine mahali pake miaka yote hii, na Jumapili likanishikilia na mimi.

Ungetarajia apige kelele za ushindi. Mimi ningepiga. Yeye aliniuliza kama goti lako bado linakusumbua wakati wa baridi, na kama Dada anakupikia vizuri. Baada ya hapo akaniomba tuiache. Alisema jina la Mashine ameshalizoea, hata akiitwa kwa jina lake huenda asigeuke. Lakini kaka yake si mtu wa kuambiwa amekosea mbele ya binti yake na mkwewe, tena katika umri huu, na jambo hilo linaweza kumlaza kitandani. Mvua ziko njiani, akasema, maji yatapanda yatalifunika, na hakuna atakayejua. Akanitaka niape. Nilikuwa nimelowa, natetemeka, na yeye ni mzazi wangu na ndiye aliyenitoa kwenye maji. Niliapa.

Nilipomwambia kwamba angalau tukate kamba tuichukue mashine, alikataa katakata. Alisema tangu wakiwa watoto wewe ndiye uliyekuwa ukimfunga kamba za viatu, na alikatazwa kuzifungua hadi urudi. Hajawahi kufungua fundo la kaka yake, na hataanza leo.

Sasa unayajua yote ninayopaswa kuyakiri. Nilimwita Baba mdogo. Nilipanda boti yake. Nilikanyaga kizingiti chake, akanipa shuka kavu na chai, akaufunga mkono wangu, na kambale tukamla pamoja. Na leo, kwa kuandika haya, nimevunja kiapo nilichomwapia, ili nisiendelee kutunza uongo ambao wewe hukujua kwamba ni uongo. Kama neno lako la kituoni bado linasimama, basi mlango wako umenifungia, nami nitalia lakini sitabisha hodi kwa nguvu. Ila sitampita tena mtu yule nikitazama simu.

Kuhusu Jumatatu, niliingia mbele ya wakubwa bila karatasi hata moja, maana zote zililowa, nikazungumza kwa kichwa. Bosi aliuliza habari za bandeji, nikamwambia kwamba samaki ndiye aliyenivua mimi. Nilikiri pia kwamba nilitoka peke yangu, akanikaripia barabara, kisha akatia saini. Nimethibitishwa kazini. Lakini ushauri nilioutoa, na uliopata muhuri, ni kwamba milango ifungwe mara tu mvua za kwanza zikianza huko juu, na mawingu yameshaanza kukusanyika. Siwezi kuyachelewesha maji ya watu wote kwa ajili ya ukoo wetu. Kisiki kile kitazama tena, na sijui kama kitakuja kuonekana tukiwa hai wote watatu.

Kwa hiyo nakusihi, Baba, kwa adabu zote ulizonifunza, uje. Kamba sijaigusa, naye hajaigusa. Wanaolijua fundo lile duniani ni wawili, na mmoja wao hataki kulifungua.

Baba mdogo hajui kwamba nimekuandikia. Hata hivyo jana nilipopita gatini nilimkuta akipigilia kiti kipya katikati ya boti, kipana, chenye egemeo. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema ni cha kuwekea mizigo. Nikamwambia sijawahi kuona mzigo unaohitaji kuegemea. Akaniambia niende kazini, msomi, pampu zinaniita. Nilipokuwa napanda ngazi nilisikia anapima tena kwa kipande cha ufito, kutoka kwenye kiti hadi mbele, kama anayetafuta nafasi ya mguu usiokunjika.

Mpe Mama mkono wangu wa kulia, ule mzima. Mbusu mjukuu. Mwambie Dada kwamba nikipigiwa simu na yeye badala yako nitajua amesoma barua isiyo yake.

Nakutakia afya, na safari.

Ni mimi kitinda mimba wako,
niliyekutii hadi maji yakanifika mdomoni.